Kizuri Chajiuza, Lakini Nani Atakiona?

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yatajwa sana siku hizi, na wanaoitaja mara nyingi ni waume wasiopenda wake zao watangaze vyakula na nguo katika simu, au wenye maduka ya zamani wasioona sababu ya kujipigia debe. Twaiheshimu methali, lakini yafaa tukumbuke ilizaliwa katika mji wa namna gani. Ilizaliwa katika mji ambao mpishi wa halua alijulikana kwa mtaa wake, fundi wa kofia kwa mkono wake, na harufu ya mkate wa mofa ilipita vichochoroni kuwaita wanunuzi kabla mwenye mkate hajafungua mdomo. Katika mji huo kizuri kilijiuza kwa sababu kila mtu alipita mlangoni pa muuzaji. Leo mama apikaye achari Kisauni huenda mnunuzi wake yuko Malindi au Nairobi, na harufu haisafiri katika simu.

Na hata hao wazee hawakuacha kutangaza. Mbiu ilipigwa, na chapa zilipigwa pia. Anayetaka ushahidi na aifunue leso ya kale iliyomo sandukuni kwa bibi yake, atazame pale karibu na maandishi: huenda akakuta herufi K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, iliyoanza biashara mwaka 1887 na ambayo ingali inajulikana pale Biashara Street. Mnunuzi hakuhitaji kuapiwa kwamba rangi haitachuja. Alitafuta alama, akaiona, akatoa fedha. Wataalamu wa masoko wa leo huandika vitabu vinene kueleza chapa ni nini, nasi twaona bibi zetu waliijua bila vitabu: ni ahadi iliyowekwa mahali pamoja kwa miaka mingi mpaka watu wakaiamini. Tena leso yenyewe, kwa jina lake lililoandikwa, ilitembea mabegani mwa wanawake kutoka arusi hadi arusi, na kila aliyeivaa alikuwa mtangazaji asiyelipwa.

Tukirudi nyuma zaidi, Bibi Khadija bint Khuwaylid (R.A.) alikuwa mfanyabiashara aliyepeleka mali yake katika misafara ya Sham, na alimkabidhi Mtume wetu (S.A.W.) mali hiyo, kabla ya utume, kwa sababu habari za ukweli na uaminifu wake zilikwisha kumfikia. Sifa ilitangulia kufika kuliko mtu. Kwa hivyo swali ambalo twaulizwa na vijana na akina mama, la kama yafaa kutangaza biashara katika mitandao, jibu lake si gumu: yafaa. Ugumu umo katika namna ya kutangaza, na hapo ndipo twataka kukaa.

Tuanze na mambo ya ufundi, maana wengi hupoteza fedha kwa kutojua chombo wanachokitumia.

Kwa familia nyingi za pwani mlango wa kwanza wa biashara ni WhatsApp. Mtu huweka picha ya mahamri au ya buibui katika stetasi, akangoja. Stetasi hudumu saa 24, kisha hutoweka, na huonwa tu na wale waliohifadhi nambari yako nawe ukahifadhi zao. Basi dada mwenye majina 90 katika simu yake, nusu yao wakiwa ni shangazi na binamu, asistaajabu kwamba wanunuzi ni wale wale, tena wakopaji. Orodha ya kutangazia nayo huchukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi nambari ya mtumaji. Dawa yake ni nyepesi nayo haina gharama: kila mnunuzi anapokuja, aombwe aihifadhi nambari ya biashara, kwa jina la biashara. Aidha kuna WhatsApp ya biashara, ambayo ilitolewa mwaka 2018 na haina malipo kuipakua. Ndani yake mna mahali pa kupanga bidhaa kama rafuni, kila moja na picha, maelezo na bei, na mahali pa kuandika saa za kazi. Twashangaa kuona ni wachache mno wanaoitumia, ilhali hao hao hujibu swali la bei ya kilo ya biriani mara thelathini kwa siku, hata wakati wa sala ya Magharibi.

Neno moja kuhusu makundi. Kundi la wazazi wa madrasa liliundwa kwa ajili ya madrasa, na kundi la mtaa liliundwa kwa ajili ya shida za mtaa. Tumeona kwa macho yetu tanzia imewekwa, watu wanaandika innaa lillaahi, na katikati ya pole hizo yaingia picha ya sahani ya pilau na nambari ya kulipia kwa M-Pesa. Hakuna mwenye hamu ya kununua pilau hiyo. Mwenye biashara na aanzishe kundi lake, awaalike wanaotaka, na atakayetoka asiulizwe kwa nini ametoka.

Facebook na Instagram, ambazo ni za kampuni moja pamoja na WhatsApp, zina mlango wa pili, nao ni tangazo la kulipia. Humo muuzaji huchagua nani aonyeshwe: wakaazi wa mji gani, umbali gani kutoka dukani, wa umri gani, wenye kupenda nini. Nyuma ya pazia hufanyika mnada. Watangazaji wengi wagombea nafasi moja katika simu ya mtu mmoja, na mashine hutazama fedha aliyoweka kila mmoja na vilevile kama tangazo lenyewe laelekea kumpendeza mtazamaji. Kosa tulionalo kila siku ni kuchagua Kenya nzima. Mwenye kuuza kaimati za moto hana haja ya kuonekana Kisumu. Na achague kilomita chache kutoka jikoni kwake, pale ambapo mwenye bodaboda aweza kufika kabla hazijapoa.

Kisha na ashike kalamu. Tuchukue mfano. Mama ameweka shilingi 1,000 katika tangazo la achari ya ndimu. Watu 20 wakamwandikia, 4 wakanunua, na kwa kila chupa alipata faida ya shilingi 150. Faida yote ni 600. Amepungukiwa na 400. Je, amepata hasara? Bado hatujui. Ikiwa wawili kati ya wale wanne watarudi kila mwezi, tangazo lile litajilipa baada ya miezi miwili, na baada ya hapo ni faida tupu. Ikiwa hakuna atakayerudi, basi asitangaze tena mpaka aitazame achari yenyewe. Lakini hayo hawezi kuyajua ila amwulize kila mnunuzi ametokea wapi, na akaandika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hiyo ni kweli zaidi katika simu kuliko dukani, kwa sababu katika simu kuna kitu kinachodanganya macho: pongezi. Picha yaweza kupata mioyo myekundu mia tatu na isiuze hata chupa moja. Mioyo hiyo haijazi kibaba wala hailipi kodi ya nyumba.

Hayo ya ufundi yatosha. Tuje kwenye yale ambayo mashine haiyajui.

Yapokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akaona rundo la chakula, akatia mkono ndani yake na vidole vyake vikapata unyevu. Alipouliza, mwenye chakula akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamhoji mbona hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Tuitafakari hadithi hii kwa makini. Yule mtu hakusema uongo wowote. Hakuna neno alilolitamka mpaka alipoulizwa. Kosa lake lilikuwa katika mpangilio wa rundo: kikavu juu, kibichi chini.

Sasa picha katika simu ni nini, kama si sehemu ya juu ya rundo? Mnunuzi hawezi kutia mkono. Hawezi kuushika uzi wa buibui wala kuonja chumvi. Ameachiwa macho tu, na macho hayo yamekabidhiwa kwa muuzaji. Ndiyo sababu twaona kwamba muuzaji wa mtandaoni amebeba amana nzito kuliko wa dukani. Kichujio kinachofanya kitambaa chekundu kionekane cha zambarau, mkono uliosogezwa ili doa lisionekane, picha ya keki iliyopikwa na mtu mwingine katika nchi nyingine, yote hayo ni kuweka kikavu juu. Kutia mwanga mzuri si ghushi, wala kupanga sahani kwa unadhifu; hayo ni kama kufagia mbele ya duka. Mpaka ni huu: je, mzigo ukifika, mnunuzi ataona kile alichokiona? Akina dada wanaouza nguo za mitumba wametangulia wengi katika jambo hili, maana baadhi yao hupiga picha ya tundu au doa peke yake na kuiweka mwanzo kabisa. Twawasifu, nao wanauza vizuri.

Mnunuzi akikuta aibu isiyoelezwa, ana haki ya kurudisha. Ile kauli iandikwayo chini ya kila tangazo, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, haiondoi hiyari ya aibu katika sheria yetu pale muuzaji alipoijua akaificha. Wala sheria za nchi haziko mbali na hapo: kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kimempa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaostahili na habari za kumwezesha kufaidika nazo, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 imekataza maelezo ya uongo na ya kupotosha.

Suala linalotufikia zaidi kuliko mengine ni la vijana wanaochukua picha za mali isiyo yao. Kijana yuko Likoni. Picha ni ya duka la Dubai au la Eastleigh. Ameongeza shilingi 800 juu ya bei na kuiweka kama mali yake. Akipata mnunuzi hupokea fedha, kisha ndipo huenda kununua. Mara nyingine mali imekwisha, au bei imepanda, na hapo huanza visingizio na simu kuzimwa. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam (R.A.) kuuza asichokuwa nacho, na hikma yake inaonekana wazi katika hizo simu zinazozimwa.

Lakini hatupendi kumwambia kijana haramu tukamwacha barazani. Ana milango miwili iliyo wazi. Wa kwanza ni uwakala: aafikiane na mwenye duka kwamba atamtafutia wateja kwa ujira maalumu, naye awaambie wateja kwamba yeye ni wakala. Hii ni kazi ya udalali, ya kale na ya halali. Wa pili ni mauzo ya salam: auze kitu kwa sifa, si kwa kukinyooshea kidole, akitaja aina, kipimo, rangi, siku ya kukabidhi, na fedha yote ilipwe pale pale. Hapo deni la kuleta kitu chenye sifa hizo liko juu yake, duka la Dubai likiwa na mali au lisiwe nayo. Asipokipata, hurudisha fedha yote.

Hapo ndipo rubuni inapoleta matata. Dada anayeshona mabuibui kwa oda huchukua nusu, na mteja akighairi, ile nusu huliwa. Kazi ya kushonesha ina mlango wake, istisnaa, ambayo Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ya Jeddah iliipitisha mwaka 1992, na humo bei yaweza kulipwa kwa mafungu. Ama kuila rubuni ya mtu aliyeghairi kununua, wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii, hawakuijuzisha. Imamu Ahmad aliijuzisha, na Majmaa hiyo ikaikubali mwaka 1993 kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwe umewekwa. Mwenye kuifuata kauli hii basi na aandike muda na masharti kabla ya kupokea fedha. Kuyataja baada ya ugomvi ni kumtungia mtu sheria akiwa amekwisha kufungwa.

Kuna jambo wanazuoni waliloliita najash: mtu asiyetaka kununua kupandisha bei katika mnada ili amvute mwingine anunue kwa ghali. Mtume (S.A.W.) aliikataza. Leo haihitaji mnada. Wafuasi elfu kumi hununuliwa kwa fedha kidogo, nao si watu. Mpwa huandika chini ya picha kwamba amepokea mzigo, mashaallah, mali safi, na mzigo hajauona. Picha za skrini za shukrani hutungwa usiku na mwenye duka mwenyewe, akijiuliza na kujijibu. Yule mpita njia anayesoma hayo amezungukwa na umati wa wanunuzi wasiokuwepo, na huo ndio udanganyifu ule ule, umebadili nguo tu. Twaiona hatari yake kuwa kubwa zaidi kwa sababu huwaumiza waaminifu: mama aliyekusanya shukrani ishirini za kweli kwa miaka miwili huonekana mdogo mbele ya aliyenunua elfu kwa siku moja.

Wallahi za kuuzia nazo zimezidi. Kiapo chaweza kuitoa mali mkononi, lakini Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba huondoka na baraka yake. Na karibu na viapo ni ile tabia ya kubandika dini juu ya biashara: tangazo la mafuta ya nywele lenye aya, au ujumbe wa kwamba asiyeusambaza kwa watu kumi hajampenda Mtume, na mwisho wake ni nambari ya duka.

Wenye taaluma nao waingia katika maneno haya, maana mali yao ni jina lao. Mwalimu wa hisabati, mhasibu, wakili, daktari wa meno, wote hao leo hutafutwa katika simu kabla ya kutafutwa ofisini. Kwa mawakili kuna kanuni maalumu za kujitangaza tangu mwaka 2014, na kila taaluma yenye baraza lake ina mipaka yake, basi na wasome kabla ya kuandika. Kwa maoni yetu njia iliyo bora kwao ni kufundisha. Mhasibu aelezaye kwa dakika mbili namna ya kutenga fedha ya duka na fedha ya nyumbani amejitangaza zaidi ya yule aliyeandika kwamba yeye ni namba wahidi pwani nzima. Ama wale wanaotangaza ruqya kwa bei, na kuonyesha video za wagonjwa wakipiga mayowe, tutawaandikia makala yao peke yao. Kwa leo twasema tu: yule mgonjwa ana mama, ana ndugu, na kesho atapona na kutaka kuolewa, na video ile itakuwa ingali ikizunguka.

Hilo latufikisha kwenye jambo ambalo latugusa sisi wenyewe wa madrasa. Yasemekana katika vikao vyetu kwamba madrasa nayo yahitaji kujulikana, na kwamba hakuna kinachowavuta wazazi kama picha za watoto waliovaa kanzu na buibui wakisoma. Huenda ni kweli. Lakini tangu mwaka 2019 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Data, nayo yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Wakati huo huo mahali pamoja pa starehe palitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Madrasa gani hapa pwani ina fedha kama hizo?

Tena tusingoje faini. Yule mtoto aliyekosea aya mbele ya hadhira, na kicheko chake kikawekwa mtandaoni kwa ajili ya kuvutia watu, hakuulizwa. Wako pia watoto ambao wazazi wao wamezozana, na mmoja hapaswi kujua mtoto anasoma wapi. Mwalimu hawezi kuyajua yote hayo kwa kutazama uso.

Kwa hivyo, kwa kuwa msimu wa Maulidi huja na kamera nyingi, twapendekeza kila madrasa itayarishe karatasi moja ya Kiswahili chepesi, ikisema picha zitapigwa lini, zitawekwa wapi na kwa muda gani, na penye nafasi ya mzazi kuandika ndiyo au hapana. Watoto wa wazazi waliosema hapana wakae upande mmoja wa jukwaa ambao mpiga picha ameambiwa asiuelekee, na wasiambiwe sababu mbele ya wenzao. Picha ya mbao za kuandikia, ya mikono juu ya msahafu, ya safu za viatu mlangoni, hizo hazihitaji idhini ya yeyote, nazo hupendeza. Ama zile zilizokwisha kuwekwa miaka iliyopita, na zipitiwe moja moja kabla ya mfungo sita kuanza, na ambayo mzazi wake hakupatikana ifutwe.